Wapenzi wa Mtori

Sisi wa Old Moshi tumekua tukipenda chakula cha nyumbani, hasa wanaume. Kila Desemba wanapanda kutoka Dar es Salaam, wanaketi kihambani, chini ya migomba, na pombe ya mbege mkononi, wanatangaza kwamba hakuna mtori kama wa mama. Mama hawasikii. Yuko jikoni tangu alfajiri, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi mshare, moshi machoni, anaponda ndizi na nyama kwa mwiko. Wao wamechinja mbuzi, kazi ya asubuhi moja itakayosimuliwa hadi Pasaka. Dada akigusa simu ni mvivu. Kaka akigusa simu anapiga picha ya sahani ya kiburu, eti anaenzi mila. Haya, kaka zangu, kisu kipo na mkungu wa pili haujamenywa.