Geta Hana Neno

Shemeji yangu ana ugonjwa mmoja: kila chenye meno, kwake hakina neno. Mbwa wa jirani hana neno. Nyoka aliyejikunja chini ya mashine ya kukatia nyasi hana neno. Na Jumamosi moja ya mwezi wa tano, tumefunga kayaki mbili juu ya gari, tunatoka Tampa kwenda ziwa la Upper Myakka kule karibu na Sarasota, ndipo akaniambia kwamba tunakokwenda kuvua kuna mageta. Ila hawana neno.

Geta ni jina la mtaani la aligeta, mamba wa huku Florida. Nina miaka sita hapa, na nilikuwa nimejitahidi nisimwone isipokuwa kwenye fulana za watalii. Si kazi ndogo. Inakadiriwa jimbo hili lina mageta kama 1,300,000, na katika kaunti zote 67 hakuna isiyo nao. Kiwanja cha gofu, mtaro wa maji ya mvua, bwawa la nyuma ya supamaketi: ukiona maji Florida, piga hodi kwanza.

Sasa mimi ni mtoto wa Utete. Nimezaliwa ukingoni mwa Rufiji, nikalelewa na bibi ambaye hakuchota maji hata siku moja bila kukagua wigo wa miti iliyochomekwa mtoni kuzuia mamba. Akiwa pale majini hamtaji. Anamwita "yule bwana". Na yule bwana akimchukua mtu, swali la kwanza msibani halikuwa ana ukubwa gani. Lilikuwa: mamba wa nani? Maana kwa wazee wetu mamba wa hivi hivi tu hali mtu. Anayekula mtu katumwa, ana mwenyewe, na mwenyewe huyo huenda yuko palepale mkekani anakunywa kahawa ya matanga na kuuliza mazishi saa ngapi.

Mtu aliyekuzwa hivyo ndiye shemeji kampandisha kwenye plastiki.

Maana kayaki ni plastiki. Ya rangi ya chungwa, eti nionekane vizuri. Ilipowekwa chini nikahesabu matundu manne sakafuni. Kwetu mtumbwi ukiwa na tundu moja unapandishwa nchi kavu, unatiwa kalafati, na mwenyewe anasemwa mpaka ashike adabu. Huu umetoka kiwandani na matundu yake, na umelipiwa. Shemeji akasema ni ya kutolea maji. Labda kwa watu wa uzito wake. Mimi nilipokaa yaliingiza, na kaptula ikalowa kabla sijashika kafi. Halafu chombo chenyewe hakina kina. Mtumbwi wa babu, mti mzima wa mwembe uliochongwa, ulikuwa unakumeza. Aliye majini anaona kichwa na upondo, basi. Kwenye kayaki unakaa juu, miguu umenyoosha, kama andazi kwenye sinia.

Pale pa kushushia vyombo kuna kibao: ni marufuku kulisha mageta. Shemeji akanieleza kwamba hiyo ni sheria ya jimbo kabisa, na ina maana yake. Geta akizoea kutupiwa chakula, hofu ya binadamu inamtoka, akimwona mtu anakuja kudai. Nikamuuliza, na mtu anayeelea juu ya maji na samaki wake pembeni, huyo anahesabiwa kalisha au bado? Akaniambia nisukume chombo, jua linapanda.

Hatujafika mbali nikaona macho mawili na pua. Hakuna kingine. Shemeji akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kijijini kwao, akanifundisha kipimo: kisia umbali kutoka machoni hadi puani, kila inchi moja ni futi moja ya mwili. Inchi nane, geta wa futi nane. Kipimo kizuri sana, ila mtu anayeweza kusoma inchi kwenye pua ya geta kashachelewa kurudi. "Huyu mdogo," akasema, "futi sita tu." Futi sita ni mimi nikivaa viatu.

Nisimwonee, geta si yule wa Rufiji. Mamba wetu ana mdomo uliochongoka na meno yanachungulia nje hata akiufumba. Geta mdomo wake ni mpana, wa duara, kama koleo la saruji, na mara nyingi akiona kafi linakuja anazama zake. Shemeji ana takwimu za jimbo ambazo huzisoma kama aya: wanaong'atwa bila kumchokoza, kiasi cha kuhitaji tabibu, ni wastani wa watu 8 kwa mwaka. Jimbo lina watu zaidi ya milioni 20. Ni wachache, nakubali. Lakini kila mmoja wa hao wanane bila shaka alikuwa na shemeji.

Jambo ambalo hakulisoma ni kwamba Mei ni msimu wao wa kutafutana. Dume ananguruma majini kama lori la mchanga linalokataa kuwaka, na maji yaliyo mgongoni kwake yanarukaruka kama mafuta kwenye kikaango. Niliusikia mngurumo ule kwanza matakoni, kupitia plastiki, ndipo ukafika masikioni.

Basi, tukavua. Nilipata samaki wawili haraka, wale wanaoitwa besi, nikawatunga kwenye kamba, mtungo nikaufunga ubavuni unaning'inia majini, kama nilivyofundishwa utotoni, samaki wasiharibike. Shemeji alikuwa kanipa kisanduku cha barafu. Sikukitumia. Kisanduku cha barafu ni cha soda.

Wa tatu alishika chura wa plastiki kwa kishindo. Nikamvuta, akaja vizuri, halafu ghafla akawa mzito kama nimenasa gari. Fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji, na kayaki ikaanza kutembea. Bila kafi. Miaka sita Marekani, usafiri wa bure wa kwanza ulikuwa huo. Shemeji anapiga kelele, "Kata mshipi! Kata mshipi!" Kisu kiko mgongoni kwangu, kwenye mfuko wenye zipu, na zipu yenyewe ina zipu yake. Mshipi ukakatika wenyewe. Kibali cha kuvua nimelipia dola 17 mimi, samaki kala yeye.

"Umeona?" shemeji akasema. "Alitaka samaki tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka mtungo.

Ulikuwa ubavuni, karibu na paja langu la kulia, samaki wawili wanapigapiga mikia. Na macho yale mawili yalikuwa yameibuka tena, upande uleule, yamesogea. Sikufikiri. Nikafungua fundo, nikainua mtungo juu nimrushie mbali aufuate, aniache na mguu wangu. Shemeji akapiga yowe ambalo hakulipiga hata fimbo ilipopinda: "Usimtupie! Utakuwa umemlisha! Ni faini!"

Nikabaki mkono juu. Mbele geta, nyuma sheria. Nikaupakata ule mtungo kifuani kama mtoto mchanga, samaki wananichapa kidevu, nikapiga kafi kwa mkono mmoja nikizunguka duara mara mbili kabla chombo hakijaelewa tunakwenda wapi. Mama mmoja mzungu pale ukingoni, na kiti chake cha kukunja, akanipungia mkono. Akaniambia yule geta yuko pale siku zote, na ni mpole.

Jioni nikampigia mama simu ya video. Nikamsimulia yote, nikamwonyesha na kidevu. Hakuuliza ana futi ngapi.

"Mamba wa nani?"

Nikafikiri. Huku huwezi kumuua bila kibali. Mwaka 1967 waliwekwa kwenye orodha ya wanyama wanaokaribia kwisha, wakalindwa mpaka wakajaa, wakaondolewa 1987, na hata leo wanahesabiwa. Akileta fujo mlangoni kwako humgusi. Unapiga namba maalumu, anatumwa mtu mwenye mkataba kuja kumtoa.

"Wa serikali, mama."

"Serikali ya huko inafuga mamba?"

"Ndiyo."

"Na inajua unapokaa?"

"Inajua."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nilisikia jogoo wa jirani, asiyejua saa hata siku moja.

"Basi mwanangu," akasema, "kodi yao usichelewe kulipa."