Springi za Magendo

Juni 19, 1949, huko Charlotte, North Carolina, NASCAR, chama cha mbio za magari cha Marekani, iliandaa mbio zake za kwanza za magari yaliyotakiwa kuwa kama yalivyotoka kiwandani. Glenn Dunaway akamaliza wa kwanza akiendesha Ford ya mtu mwingine. Wakaguzi wakachungulia chini: lo, springi za nyuma zimetiwa mkono! Ndio ule ufundi wa wasafirisha gongo, ili gari lililosheheni lisibonyee mbele ya polisi. Ushindi ukafutwa, dola 2,000 zikamwendea Jim Roper wa Kansas. Mwenye Ford akakimbilia mahakamani, akashindwa. Ama kweli, ufundi wa kukwepa askari usiku ukanaswa mchana kweupe, tena na mabwana wa michezo. Dereva mwingine siku hiyo, Lee Petty, yeye alibiringisha Buick ya kuazima. Hapo hakuna aliyehitaji kuchungulia.