Heko, Mfuko Usio na Chenji

Chipsi kuku elfu sita, boda elfu tatu, jumla elfu tisa. Mteja wa Kibamba anapenyeza mwekundu wa Msimbazi kwenye upenyo wa geti, mwekundu ambaye hata shabiki wa Yanga hajawahi kumkataa, na shughuli inaanza. Kijana anapapasa mfuko wa kifuani. Anapapasa wa nyuma. Anafungua zipu ya kava la tangi, anatoa spana, kitambaa cha kufutia vumbi na risiti ya faini iliyokwisha kufifia, kisha anavirudisha kimoja kimoja kwa utaratibu. Anatazama juu kidogo, anafikiri. Halafu kwa sauti ya msibani: "Chenji sina, mkubwa."

Wapo wanaolaani tukio hili. Mimi nasimama kulisifu. Katika jiji ambalo hakuna aliyewahi kufundishwa bakshishi ya mleta chakula ni kiasi gani, mfuko ule mtupu ndio chuo chetu cha adabu, na hautozi ada.

Hebu fikiria mfuko huo usingekuwepo. Kijana ingempasa aombe, na kuomba kunamshushia mtu hadhi. Mteja akimnyima, naye anatoka na doa. Au mteja ingempasa atoe mwenyewe, na hapo ndipo balaa: jero ni tusi? Buku mbili ni kujionyesha? Jirani si anachungulia? Mfuko mtupu unamaliza yote hayo kwa pigo moja. Kiasi kimepangwa na hesabu yenyewe. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyenyimwa. Kimetokea tu kitu kinachoitwa kukosekana kwa chenji, janga la asili kama mafuriko ya Jangwani. Mteja anasema, "Basi, kaa nayo, mdogo wangu," anarudi ndani kifua mbele. Kauza buku, kanunua ukarimu. Mwulize shehe wako au padri wako kama wema unapatikana kwa bei hiyo.

Wamarekani, pamoja na utajiri wao, wameshindwa kufika hapa. Kwao anayeagiza chakula kwa simu huulizwa bakshishi kabla hata kuku hajaingia kwenye mafuta: chagua asilimia, bonyeza. Sheria yao ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichosogea tangu 1991, kwa hoja kwamba bakshishi itajazia. Wanazodoana magazetini mwaka hadi mwaka kuhusu nani ampe nani ngapi. Kumbe dawa ni kupapasa mifuko mitatu na kava la tangi.

Kijana wetu naye ana bosi, mwenye pikipiki. Bosi anataka hesabu yake kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Aliye kwenye mkataba ndiyo usiseme, kila siku inayolala inaisogeza mbele siku ya chombo kuwa chake. Ile elfu tatu ya nauli inasubiriwa na bosi na kituo cha mafuta kabla haijashikwa. Ila buku ya chenji haimo kwenye daftari la mtu yeyote. Ndiyo chai, ndiyo vocha.

Tena kaitolea jasho. Kibamba si Masaki. Yenyewe ilikuwa Kinondoni, ikajikuta imekuwa Ubungo bila kusogea hatua moja, kwa hiyo nani atarajie nyumba yake ikae kwenye ramani pale inapokaa ardhini? Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilituachia vibao na namba, lakini mteja bado anaelekeza hivi: "Ukifika Kibamba Chama vuka barabara, uliza kwa mama anayekaanga samaki, pita mwembe, utaona geti jeusi. Ukiona la bluu umepitiliza." Barabara anayosema tuvuke ni ya Morogoro, iliyopanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, kuivuka kwa pikipiki ni kwenda kutafuta pa kugeuzia, kisha kurudi. Mama wa samaki leo hakutoka. Mageti meusi ni karibu yote.

Sifa ninayoipenda kuliko zote hujitokeza pale mteja anapokuwa mbishi na kuitaka buku yake. Hapo noti inaanza kutembea. Mtoto anatumwa kwa Mangi. Mangi havunji noti ya asiyenunua, basi kinanunuliwa kiberiti katika nyumba inayopikia gesi ya kujiwasha yenyewe. Siku Mangi naye amepungukiwa, anamalizia kwa pipi, au anakataa kabisa, na hapo geti la jirani linagongwa. Na huku kwetu watu wamejenga, wakahamia, wakazungusha ukuta wakaweka na nyaya za umeme juu. Wanafahamiana kwa honi za magari. Leo wanasimama wanaulizana hali. Inabainika mama mkwe wa jirani amelazwa Mloganzila tangu wiki iliyopita, na hakuna aliyejua. Wanapanga Jumapili waende pamoja. Chipsi zimepoa, kachumbari imechuja maji, na kijana amezima injini, amekaa upande kwenye pikipiki yake chini ya mkorosho. Hayo ndiyo mapumziko pekee aliyoyapata tangu alfajiri.

Wajuzi walitabiri kwamba simu itauua mfuko huu. M-Pesa iliingia nchini 2008, wengine wakafuata, na sasa mteja anaweza kulipa elfu tisa kamili bila kugusa noti. Mfuko mtupu haukubishana na maendeleo. Ulihamia tu kwenye simu: "Tuma na ya kutolea, bosi." Na ni nani atakayefuatilia kama pesa ilitolewa? Huenda alinunua bando, huenda alimrushia bosi hesabu ikiwa huko huko simuni. Ya kutolea imebaki kwake, halali kama mshahara. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, ya kutolea ikanenepa hadi wateja wakazikimbilia noti, na noti zikaukuta mfuko pale pale zilipouacha.

Adui wa kweli wa adabu hii si simu, ni mteja mwenye hela kamili. Huyu hufuga sarafu kwenye kopo la maziwa. Anakuja getini na mia mbili mbili zilizofungwa kwenye nailoni, anamtaka kijana azihesabu mbele yake, gizani, helmeti kichwani. Simhukumu.

Wapo wanaoiomba Benki Kuu iongeze sarafu mitaani. Naisihi isiwasikilize. Noti yetu kubwa kuliko zote bado ni hii ya elfu kumi. Wangetutolea ya elfu ishirini, adabu ya Kibamba ingepanda daraja. Ingawa, kwa oda ile ile ya elfu tisa, kijana ataweza sasa kukosa chenji ya elfu kumi na moja, na siku hiyo kwa Mangi nitakwenda mwenyewe, kwa miguu, na kiberiti nitanunua.