Barua ya Wazi kwa Kamati ya Mavazi ya Staha

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti, na kwa wajumbe watukufu wa Kamati,

Baada ya salamu na taadhima, na baada ya kuwaombea afya njema ninyi nyote pamoja na suruali zenu, naarifu ya kuwa mimi ni raia mtiifu, mlipa ada kwa wakati, niliyefikia umri wa kuitwa babu hata na watu nisiowajua, na kwamba Jumatatu iliyopita nilirudishwa langoni pa ofisi yenu kwa ajili ya vazi nililovaa. Vazi lenyewe ni kikoi cheupe chenye taraza ya buluu, kilichofuliwa kikapigwa pasi, nami nilikifunga kama alivyokuwa akikifunga marehemu baba yangu: upande mmoja ukatangulia ndani, wa pili ukaja juu yake, kisha ukingo ukasokotwa kiunoni hata ukashika wenyewe pasipo mkanda wala kifungo. Siandiki kulalamika. Naandika kushukuru, kwani nimeishi miaka mingi nikijidhania nimesitirika, na lau si Kamati kunizindua ningalikufa katika ujinga huo.

Tangazo lenu nimelitazama kwa makini. Lina picha za rangi, na kila picha imepigwa mstari mwekundu wa kukataza: yupo mwanamke mwenye sketi fupi, yupo kijana mwenye mlegezo, ipo kaptula, ipo fulana ya mikono mikato, zipo ndara, na baina ya kaptula na ndara amesimama mzee mwenye kikoi, anatabasamu, hajui lililompata. Nausifu ustadi wa mchoraji, maana amempa mzee yule kofia ya viua na bakora, asije mtu akadhani ni mlevi aliyekimbia bafuni. Ni mzee wa heshima kamili, toka utosini hata kitovuni.

Aliyenisomea maandishi ya chini, kwa kuwa miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani, ni mlinzi wenu wa langoni, kijana wa Kimasai mwenye adabu nyingi na rungu moja. Alikuwa amejifunga lubega mbili, moja nyekundu na moja ya buluu yenye miraba, zikamwishia magotini, na sime ubavuni, na miundi yake yote miwili i wazi kwa hewa ya Mungu. Nikamwuliza kwa upole, “Mwanangu, na wewe je?” Akajitazama, akanitazama, akasema, “Babu, mimi siingii. Mimi nakaa nje.” Nimepata kuzisikiliza hukumu za makadhi na za mahakimu, lakini sijapata kusikia fasiri ya sheria iliyo fupi na timilifu kama hiyo. Kumbe nguo isiyogawanyika miguu miwili yafaa kulinda ofisi, yafaa kuwatia wezi hofu, yafaa kupigwa picha na wageni wapitao; lisilofaa ni kuvuka kizingiti ikauliza jambo.

Nami nilikuwa na jambo dogo. Ada nimekwisha ilipa benki, na karatasi ya benki nimeikunja kibindoni, nataka tu karani aigonge muhuri. Benki, ambayo ni nyumba ya watu wa faida na kwa hiyo haina wasaa wa kutazama miguu ya watu, ilizipokea fedha zangu nikiwa na kikoi hicho hicho, ikazihesabu, ikanishukuru. Basi nikageuka niende zangu, na hapo ndipo nilipoiona neema nyingine iliyoletwa na Kamati mjini petu. Mkabala na lango lenu pana mwembe, na chini ya mwembe pana kijana aliyeielewa sheria yenu kuliko mawakili: anakodisha suruali. Ni suruali moja, ya kaki, kiuno chake chawatosha wanaume wawili, nayo hufungwa kwa kamba ya katani. Nilingoja zamu nyuma ya mvuvi mmoja na maalimu mmoja, tukaivaa kwa kupokezana juu ya vikoi vyetu, kila mtu akaingia, akatoka, akaivua. Sidhani kama siku ile palikuwa na mtumishi wenu yeyote aliyehudhuria kazini kwa bidii kama suruali ile.

Ilipofika zamu yangu dirishani nikakumbuka ya kuwa karatasi i kibindoni, na kibindo ki chini ya suruali. Ikanilazimu kuilegeza ile kamba mbele ya karani, binti wa watu, aliyegeuza uso wake ukutani kwa haya, nami nikapekua na kupekua hali naishika suruali kwa mkono mmoja isije ikaanguka. Kwa hiyo vazi lililokatazwa lilinifikisha langoni na heshima yangu, na vazi lililoamriwa likanivunjia heshima mbele ya mtoto wa kike. Naamini hiyo ndiyo staha iliyokusudiwa. Upungufu ni wa elimu yangu.

Naomba pia kufahamishwa habari ya kanzu. Kila Ijumaa watumishi wenu huja kazini na kanzu, nami nawasifu. Lakini kanzu ni nini, tukiitazama kwa jicho la tangazo? Ni gauni refu jeupe, na ndani yake, kwa kadiri nizijuavyo mila za watu wa pwani, aghalabu ni kikoi. Basi kikoi huingia ofisini mwenu, hukaa juu ya kiti chenye magurudumu, hugonga mihuri, na kosa lake ni kujitokeza pasipo kifuniko. Jaji huhukumu akiwa ndani ya joho, padri husalisha ndani ya joho, mhitimu wa chuo kikuu hupewa shahada akiwa ndani ya joho linalopepea vifundoni, wala hapana aliyethubutu kuuliza miguu yao imegawanywa namna gani huko ndani. Na katika ibada ya Haji, ambako wafalme na wachukuzi husimama safu moja, mwanamume hutakiwa ajifunge shuka isiyoshonwa kiunoni, na nyingine aitupe mabegani. Suruali hairuhusiwi, ila kwa yule asiyepata shuka. Hapo sisemi zaidi, nisije nikaonekana nawatisha wajumbe kwa dini. Nataja tu ili ijulikane kwamba kuna mahali ambapo wao ndio wangalirudishwa langoni.

Wala msidhani ya kuwa ninyi ndio wa kwanza kuutafuta ustaarabu baina ya miguu ya wanaume. Hapa hapa nchini, katika miaka ya 1967 na 1968, huko upande wa Arusha, serikali iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai mashuka yao na kuwatia suruali, kwa kuwa suruali ilihesabiwa kuwa ni maendeleo yenyewe, na mwenye lubega akawa hapandi basi. Leo lubega ile ile imechorwa katika matangazo ya utalii, na mjukuu wa aliyekataliwa basini amewekwa langoni kwenu anikatalie mimi. Waingereza walitangulia zaidi. Baada ya vita vya Culloden walitunga sheria ya mwaka 1746 iliyowakataza wanaume wa milima ya Uskoti kuvaa kilti na nguo zao nyingine za asili, adhabu ya kosa la kwanza kifungo cha miezi sita, la pili kupelekwa ng’ambo ya bahari miaka saba. Ila waliomo katika jeshi la Mfalme waliruhusiwa, na hapo nadhani mlinzi wenu angalicheka, maana wao pia walikuwa wakikaa nje. Sheria ikafutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh, aliivaa kilti yeye mwenyewe, pamoja na soksi ndefu za rangi ya mwili ili watu wasiyaone magoti ya ufalme. Sasa naomba mwongozo: siku akija kwenu mgeni rasmi kutoka Uskoti, amevaa sketi yake ya sufi yenye marinda na kipochi cha ngozi kinachoning’inia mbele, je, atasomewa tangazo, atapelekwa chini ya mwembe kukodi suruali ya kaki, au atapigiwa saluti? Najua jibu, nanyi mnajua kuwa nalijua. Nguo iliyotoka ng’ambo ni utamaduni. Nguo iliyotoka kwa mama yangu ni utovu wa adabu.

Kama Kamati yataka kuiga, basi na iwaige Wafaransa, ambao angalau walikuwa na huruma. Mwaka 1800 polisi wa Paris waliwakataza wanawake kuvaa mavazi ya kiume, ikiwemo suruali, ila kwa kibali. Baadaye, kwa nyaraka za mwaka 1892 na 1909, wakawaruhusu walioshika usukani wa baiskeli au hatamu za farasi. Amri hiyo ilitangazwa rasmi kuwa haina nguvu mwaka 2013, na katika muda huo wote wanawake wa Paris walikwisha zivaa suruali zao, wakazeeka nazo, wakawarithisha wajukuu.

Nisingependa mdhani nawatetea wazee peke yao, ambao mtu aweza kuwasamehe kwa kuwa hawatakaa sana. Yuko mtaani kwetu kijana mmoja, fundi cherehani, aliyekitwaa kitambaa cha kikoi akakishonea ukanda wa kiunoni, mifuko miwili, zipu ubavuni na marinda mapana nyuma, akawa anakivaa sokoni, katika daladala, na mpirani. Siku alipopita barazani petu watu wazima wanne walicheka hata kahawa ikamwagika, wakasema amevaa nguo ya kike, kisha wakanigeukia mimi nitoe hukumu, kwa kuwa ndimi mkubwa wao. Nikatafuta hoja. Nilitaka kusema kwamba nguo yake haina miguu, nikayatazama magoti yangu mwenyewe. Nilitaka kusema kwamba imeshonwa, lakini watatu kati ya waliokuwa wakicheka walikuwa na misuli iliyoshonwa pande zote, ambayo haikupungukiwa na chochote isipokuwa zipu na mifuko, na laiti ingalikuwa na mifuko wasingalizipoteza funguo zao kila wiki. Nilitaka kusema kwamba mwanamume akivaa hivyo hugeuka akawa mwanamke, nikakumbuka kuwa mabinti zetu wanavaa suruali miaka hii yote na hapana hata mmoja aliyegeuka akawa mjomba wangu. Kila hoja niliyoishika ili kumvua yeye ilianza kunivua mimi.

Rangi zake sizipendi, nakiri, na marinda yale humfanya aonekane jogoo anayetaka kupaa. Lakini kutoipenda nguo ya mtu ni haki ya jicho langu, si kazi ya mlinzi wa lango. Kijana mwenyewe hakujitetea kwa utamaduni wala kwa siasa. Alisema anaona joto. Akaongeza kwamba mwezi wa Juni 2017, huko Nantes, Ufaransa, madereva wa mabasi waliokatazwa kaptula wakati wa joto kali walikwenda kazini na sketi, kwa kuwa sketi ilikuwemo katika sare ya madereva wa kike, na mwezi huo huo wanafunzi wa kiume wa shule moja ya Exeter, Uingereza, wakafanya vivyo hivyo. Nikastaajabu. Wale waliotuletea suruali wanaikimbia kwa siku chache za joto, nasi, ambao jua la kaskazi hutukaa kichwani tangu Desemba hata Machi, twaing’ang’ania na tai juu yake, kisha twaomba fedha za umma tununue viyoyozi.

Limebaki neno moja, nalo nalileta kwa unyenyekevu. Mwezi wa Julai 2014, katika mji wa Chennai, India, jaji wa mahakama kuu alizuiwa kuingia katika klabu moja kwa kuwa alikuwa amejifunga veshti, shuka nyeupe ya wanaume wa Kitamil, ambayo mkiitazama kwa mbali mtadhani ni ndugu yake kikoi. Mwezi uliofuata bunge la jimbo la Tamil Nadu lilipitisha sheria, na tangu hapo klabu au ukumbi wa umma ukimfukuza mtu kwa ajili ya veshti, mhusika aweza kutiwa gerezani hata mwaka mzima, pamoja na faini ya rupia 25,000. Sisemi kwamba wajumbe wastahili gereza. Hasha. Gerezani watu huvalishwa nguo wasizozichagua, na jambo hilo nisingependa limpate mtu yeyote.

Nangoja jibu la maandishi kuhusu kikoi, kanzu, kilti na nguo ya yule fundi, kila kimoja kwa hukumu yake na kwa sababu yake. Sababu ikiwa ni moja kwa vyote, nitaitii. Awamu ya pili ya ada yangu yadaiwa kabla ya mwezi huu kwisha, na iwapo jibu litachelewa nitafuata zile nyaraka za Paris: nitakuja na kikoi, nikiwa nimeushika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili, toka langoni hata dirishani kwa karani, nami naomba mpangusa sakafu aarifiwe mapema.

Wenu mtiifu,
Mvaa Kikoi