Nauli Ninayo, Zawadi Sina

Watu wakisikia unasafiri na mfuko mwembamba wanakuonea huruma mahali pasipohusika. Watauliza kama nauli imetimia, utalala wapi, utakula nini. Hayo yote nchi hii ina dawa yake. Daraja la tatu lipo, gesti za uswahilini zipo, na mama ntilie hajawahi kuadimika. Mimi nimekwenda Kigoma na kurudi Dar es Salaam kwa bajeti ya mtu anayehesabu mpaka chenji ya kiberiti, na naapa nauli haikunisumbua. Kilichonimaliza ni zawadi.

Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na kila mkoa umepewa kitu kimoja ambacho ni aibu kupita pale bila kukinunua. Sijui kikao cha kugawana kilikaa lini, ila wasafiri hatukualikwa. Ukipita Gairo, viazi vitamu. Dodoma, zabibu. Singida, kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Tabora, asali. Uvinza, chumvi, ndiyo, chumvi, utadhani Dar es Salaam tunaunga mboga kwa machozi. Kigoma ndiko balaa lenyewe: dagaa, migebuka na mawese, vyote vinanukia na viwili kati yake vinachuruzika. Ukirudi kutoka huko mikono mitupu, majirani hawasemi umebana matumizi. Wanasema hukwenda, ulijificha Kimara.

Na kabla hujaondoka yanaanza maagizo. Nilitangaza safari kwenye kundi la familia la WhatsApp, mahali ambapo ukitangaza ugonjwa watu wanakaa kimya siku mbili. Safari ilijibiwa ndani ya dakika. "Shemeji, lita tano tu za mawese." "Baba mdogo, usinisahau kwa dagaa, wasiwe na mchanga." Mjomba mmoja, ambaye sikujua kama simu yake ina bando, akaandika neno moja: "Asali." Wote walimaliza kwa ahadi ileile, kwamba hela watanipa nikifika. Nimeishi miaka mingi na nimeshika noti za marais kadhaa, lakini hela ya "ukifika" sijawahi kuiona ilivyochorwa.

Hiyo ni zawadi ya kurudi nayo. Ya kwenda nayo ina yake. Shangazi yangu, Mzaramo mwenzangu wa Kisarawe, aliolewa na Mmanyema wa Ujiji, akakaa huko mpaka sasa asubuhi anasalimia "mwakeye" kuliko Waha wenyewe. Kwa shangazi huendi hivihivi. Unakwenda na doti ya kanga, na unakwenda na mkate. Kigoma wanaoka mikate mizuri, ya moto, kila siku ya Mungu. Haidhuru. Mkate wenye heshima ni ule uliosafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar ukikaliwa na mabegi ya watu, ukafika na unene wa bahasha. Huo ndio shangazi anaupokea kwa mikono miwili na kusema, "Mwanangu umenikumbuka."

Nikiwa natafakari gharama hizi niligundua kwamba hakuna jipya. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilikuwa haikatizi Ugogo bila kuwalipa watemi hongo ya vitambaa na shanga. Stanley aliilipa mwaka 1871 akienda kumtafuta Livingstone, na alivyonung'unika kwenye kitabu chake utamhurumia. Mimi simhurumii. Yeye alikuwa analipiwa na New York Herald. Mhariri wangu aliponiona na begi aliuliza tu kama safu itawahi Ijumaa.

Mpaka Dodoma nilipanda treni ya umeme. Ilipoanza safari za huko Julai 2024 nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000, na kwa hesabu ya haraka basi lingenitoka nafuu kidogo. Lakini hesabu ya haraka ndiyo inayofilisi maskini. Basi linasimama. Likisimama dirisha linafunguliwa, na dirisha likifunguliwa viazi vinaingia kabla ya hewa. Treni ya umeme madirisha yake hayafunguki. Unapita kwenye mahandaki ya Kilosa ukiwa umejikunyata kwenye kiyoyozi, abiria wamejifunika vitenge kana kwamba wamefika Makete, na huko nje hakuna mtu wa kukuonyesha kitu. Nilishuka Dodoma na pesa yangu yote. Sijawahi kujiona tajiri namna ile katika mkoa wowote.

Utajiri huo ulidumu mpaka gesti.

Mpango ulikuwa mzuri. Ndani ya treni nilikuwa nimefahamiana na fundi rangi mmoja, Mnyaturu mpole asiye na mizigo, tukakubaliana tuchangie chumba tuikate bei katikati. Mapokezi palikuwa na karatasi imebandikwa ukutani kwa gundi ya kudumu: wanaume wawili hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Kwa hiyo fundi rangi akalala namba nne, mimi namba tano, tukitenganishwa na ukuta wa mbao uliotuwezesha kuendelea na mazungumzo bila kupandisha sauti, kila mmoja kwa bei kamili. Kitanda cha tano kwa sita, kipande cha sabuni ya mche kilichokatwa kwa uzi, chandarua chenye tundu lililopigwa fundo, na ndala mbili, zote za mguu wa kushoto.

Lakini niseme la kitabu cha wageni. Yeyote aliyelala gesti nchini anakijua: jina, kabila, utokako, uendako, kazi, sahihi. Chumba kilikuwa elfu kumi na mbili, nikatoa elfu kumi na tano, nikaanza kujaza. Kwenye kabila nikaandika Mzaramo. Dada wa mapokezi alikuwa anasoma kichwa chini juu, kalamu yangu ilipofika kwenye "mo" akapiga kofi mezani.

"Heeh! Mtumwa wangu umefika! Mimi Msukuma wa Kwimba."

Elfu tatu yangu akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pochi, akafunga zipu.

"Dada, chenji," nikasema.

"Chenji gani? Hiyo ya mtani."

Hapo hakuna polisi wala mwenyekiti wa mtaa wa kukusaidia. Inasemwa utani wetu na watu wa bara ulitokana na misafara ile ile, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliposhuka pwani na mizigo na kukuta Wazaramo wamekaa wanasubiri ngoma. Ukimkasirikia mtani umejiaibisha wewe, ukoo wako na pwani yote kuanzia Bagamoyo hadi Mkuranga. Kilichobaki ni kumjibu. Nikamwambia babu zake waliletwa pwani kubeba pembe, wakaona bahari wakadhani ni uji, wakaomba vijiko. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitabu cha wageni. Pochi haikufunguka. Asubuhi akagonga mlango na chai na chapati mbili, bure, eti nisije nikafa njiani akakosa wa kumtania. Ni ukarimu, sikatai. Lakini chai na chapati mbili haifiki elfu tatu, nimepiga hesabu.

Kutoka Dodoma kwenda magharibi nilikuwa kwenye treni ya zamani, reli ile waliyoianza Wajerumani mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, na ndiyo maana Kigoma inaitwa Mwisho wa Reli mpaka leo. Daraja la tatu madirisha yanafunguka yote. Na Saranda ipo njiani.

Wanaoijua Saranda sihitaji kuwaeleza. Ni kituo kidogo upande wa Manyoni, na treni ikisimama unaona kijiji kizima kinakuja kikiwa na masinia kichwani, wali, kuku, mayai, ndizi. Biashara ya dirishani ina sheria zake. Treni ikiwa imetulia, muuzaji ni mfalme, anataja bei huku anaangalia pembeni. Honi ya kwanza ikilia, ufalme unahamia juu kwako, bei inashuka yenyewe bila kuombwa. Magurudumu yakianza kuzunguka hakuna tena mfalme. Kuna noti yako ya elfu kumi mkononi mwake na kuku wake bado kwenye sinia. Mama yule alikimbia sambamba na behewa, kanga imelegea, sinia haitikisiki, akanitupia kuku aliyefungwa kwenye gazeti. Gazeti gani na ukurasa wa nani, sikuangalia, kuna mambo mwandishi hapaswi kuyajua. Kuku alifika. Chenji ilibaki Saranda.

Ningekula kuku wangu kwa amani kama ningekuwa peke yangu, lakini daraja la tatu hakuna peke yako. Mkabala wangu alikaa mama mmoja wa Kasulu na watoto watatu na ndoo ya maandazi. Kabla sijafungua gazeti aliniwekea maandazi mawili kwenye goti, hakuuliza kama nina njaa, wala kama dini yangu inaruhusu, kama ambavyo humuulizi mtu wa nyumbani. Sasa ungefanyaje? Kuku akagawanywa. Watoto walichukua mapaja kwa mpangilio wa umri. Kijana wa Kihaya aliyekuwa dirishani, ambaye tangu Bahi alikuwa anatueleza kwa Kiingereza jinsi alivyozoea kusafiri kwa ndege, akapata kipapatio na Kiswahili kikamrudia. Mimi nilibaki na shingo. Na kwa kuwa nilikuwa nimekula maandazi ya watu, kituo kilichofuata niliwanunulia watoto soda. Msafiri wa Ulaya, wanasema, hubeba chakula chake akakila mwenyewe akiangalia nje. Napenda kuamini ni uongo, kwa sababu ikiwa kweli basi wenzetu wanasafiri kwa bei rahisi sana.

Tabora, asali ya mjomba. Muuzaji aliishika juu kwenye chupa iliyowahi kuwa ya kitu kingine, akaapa haijachanganywa na sukari. Nikasita kidogo, kama mtu wa mjini. Akachomoa njiti ya kiberiti, akaichovya kichwa kwenye asali, akaikwaruza. Ikawaka. Watu wa behewa zima wakapiga makofi, na mtu aliyepigiwa makofi huwezi kumwomba apunguze bei. Uvinza nilifumba macho nikajifanya nimelala. Mama wa Kasulu akaniamsha: "Baba, chumvi hiyo, usije ukapitwa."

Ujiji shangazi aliupokea mkate. Kwa siku nilizokaa kwake sikuruhusiwa kutoa hata mia, na hapo ningesema bajeti imepona, kama si siku ya kuondoka. Mawese ya shemeji, dagaa wa kila mtu, migebuka mikavu ya majirani, hivyo nilinunua. Kisha shangazi akaja na vya kwake: ndoo nyingine ya mawese, na jogoo. Jogoo hai, mwekundu, amefungwa miguu, ameshakata tamaa kuliko mimi. "Mpelekee baba yako, amchinje akinikumbuka." Ukikataa jogoo wa shangazi, ukoo utaitisha kikao. Ukimkubali, unamlipia nafasi, unamlisha chenga za mkate mpaka Dodoma, na alfajiri anawaamsha abiria ambao hawakuomba. Mama mmoja wa Kigogo alimwangalia akaniuliza namuuza bei gani. Nilikaribia kujibu.

Dar es Salaam niliteremka na ndoo mbili, kiroba cha dagaa, chupa ya asali, mfuko wa chumvi na jogoo. Wote walikuja kuchukua vya kwao, wakanisifia nilivyonawiri. Shemeji alionja mawese akasema safari hii si mazito sana. Mjomba aliwasha njiti. Baba alimwangalia jogoo muda mrefu, akasema shangazi yako siku zote alikuwa mkarimu, akaniuliza pumba zinauzwaje siku hizi. Hela ya "ukifika" nimeambiwa ni mwisho wa mwezi, ila hawakutaja mwezi.

Kwa hiyo kama wewe unayesoma una safari ya kwenda Kigoma hivi karibuni, ushauri wangu ni huu: usimwambie mtu. Toka usiku. Ila kama utaniambia mimi peke yangu, haina neno, naomba dagaa kilo mbili tu, kwa sababu wale niliowaleta wamekwisha wote kwa watu na sikuonja hata mmoja. Wasiwe na mchanga. Hela nitakupa ukifika.