Kitabu Kimekwama Nairobi

Maduka ya vitabu ya kisiwani Mombasa yanaishi kwa shule. Januari, pale Moi Avenue na Digo Road, wazazi hujipanga hadi nje ya mlango, kila mmoja na orodha mkononi na mtoto ubavuni. Msimu ukishapita, rafuni husalia vitabu vya marudio ya KCSE, kamusi, misahafu, Biblia na madaftari. Mtu mzima akiingia wakati huo peke yake, hana mtoto wala orodha, akaulizia kitabu cha kujifurahisha, wahudumu humtazama kwa huruma.

Mpenzi mmoja wa sataranji, mkazi wa Kibokoni katika Mji wa Kale, aliingia akaomba kitabu cha mchezo. Akapewa *Bembea ya Maisha*, tamthilia ya Timothy Arege wanayoisoma watahiniwa wa kidato cha nne. Akaeleza kwamba anataka mchezo wa kuchezwa, si wa kuigizwa. Akaletewa mwongozo wa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alipotamka "chess," uso wa binti wa kaunta ukachanua. Akakimbilia stoo, akarudi na boksi la plastiki lenye vumbi, kete nyeupe na nyeusi zikichezacheza ndani.

"Nataka kitabu, dadangu."

"Kimo humo humo," akajibu yule binti, na kweli kilikuwamo: kijikaratasi kimoja, kimekunjwa mara nne, kimeandikwa Kichina.

Baada ya hapo mtu husemwa kweli akihamia mtandaoni? Huko kila kitabu kipo. Sataranji peke yake ina vitabu vingi kuliko awezavyo mtu kusoma umri wake wote, na hata bao, mchezo ambao wazee wa Mji wa Kale huucheza bila kufungua ukurasa wowote, limeandikiwa. Bwana wetu alivutiwa na *Limits of the Mind*, tasnifu ya mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, iliyotolewa Leiden mwaka 1995, kuhusu ubingwa wa bao na akili za mabingwa wake. Bei ya kitabu ilimpendeza. Kisha akabonyeza kitufe cha kulipa, ikajitokeza nauli, nayo ilikuwa imeshinda bei. Juu yake kuna kodi: tangu Sheria ya VAT ya 2013, vitabu nchini Kenya hutozwa asilimia 16, uwe unajifunza udaktari au unajifunza kuhesabu komwe.

Fomu nayo ilikuwa na maswali yake. Msimbo wa posta ulikuwa rahisi, 80100. Ikataka jina la barabara na nambari ya nyumba. Sasa nyumba za Mji wa Kale hujulikana kwa watu wake, kwa milango yake na kwa misikiti iliyo jirani. Aliandika "nyuma ya Msikiti wa Mandhry, ulizia kwa mama wa mahamri," mashine ikakataa kwa wino mwekundu. Mwishowe akajitungia nambari, 14, kwa kuwa ilimkaa vizuri machoni. Mashine ikaridhika kabisa.

Kinachochekesha zaidi ni njia ya mzigo wenyewe. Mombasa ni kisiwa chenye bandari. Meli za dunia nzima hutia nanga Kilindini, na makontena ya Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapo. Lakini kitabu kimoja kilichofungwa kwenye bahasha hakisafiri kwa meli. Hupanda ndege, hutua Nairobi, hukaa huko kikikaguliwa, kisha hupakiwa basi kishuke karibu kilomita 480 kurudi pwani, hadi Mwembe Tayari. Mwenye kitabu, akiwa kibarazani anatazama meli zikiingia, husoma kwenye simu kwamba mzigo wake "umefika". Umefika Nairobi.

Siku ya siku, simu ikalia. Mpanda boda alikuwa Fort Jesus. Waleta mizigo wote hufika Fort Jesus. Tangu Wareno waanze kuijenga mwaka 1593 hakuna mgeni aliyeikosa. Kazi huanzia hapo. Yule kijana aliingia na pikipiki kwenye vichochoro vya Ndia Kuu akitafuta nambari 14, akakutana uso kwa uso na mkokoteni wa maji, na ikabidi mmoja wao arudi kinyumenyume. Alipouliza, akaambiwa na kila mtu kwamba nyumba 14 hakuna. Alipotaja jina, watoto watatu wakamwongoza hadi mlangoni.

Kitabu kikapelekwa barazani, na kahawa ikamiminwa. Mjini hapa ndipo alipoishi Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki mwaka 1840 na ambaye naye alilitungia bao shairi, kwa hivyo wenyeji hawaoni ajabu mchezo wao kuandikwa. Mzee mmoja akavaa miwani, akatazama michoro ya mashimo 32, akahesabu kete ili ahakikishe ni 64, akaridhika kwamba Mholanzi hakuibiwa. Kisha akauliza swali ambalo kitabu hakikuwa na jawabu lake la kumtosha.

"Huyu, kamfunga nani?"

Akaelezwa kwamba mtafiti alikaa Unguja akicheza na mabingwa wa huko. Mzee akafunga kitabu pole pole. "Unguja," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata picha kamili, akachukua kete mkononi.

Upande wa pili wa biashara hii ni kando ya barabara, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa juu ya turubai, riwaya za mapenzi kwa vitabu vya uhasibu. Huko huchagui kamwe. Unainama tu na kuokota ulichoandikiwa. Bwana wetu aliokota *Bobby Fischer Teaches Chess*, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1966, miaka sita kabla ya Fischer kumvua Boris Spassky ubingwa wa dunia huko Reykjavik. Akakifungua, akakuta kila ukurasa wa kushoto umechapwa kichwa chini miguu juu.

"Hiki kibovu, kaka. Nusu nzima imepinduka."

Muuzaji alikuwa ameliona hilo zamani na lilikuwa likimsononesha. Akakiachia kwa shilingi mia moja, akashukuru.

Kumbe hakikuwa kibovu. Kimetengenezwa vivyo hivyo. Msomaji hupewa swali kwenye ukurasa wa kulia, hugeuza karatasi akapata jawabu, huendelea hivyo hadi mwisho wa kitabu, kisha hukipindua na kurudi kinyume kupitia kurasa zile nyingine. Ni ubunifu mzuri sana, mradi usimkabidhi mtu mwema. Rafiki wa bwana wetu alikiazima, akataka nakala ya kufanyia mazoezi kwa kalamu, akakipeleka kwa jamaa wa fotokopi karibu na Posta. Jamaa akaona kurasa zimegeuka, akaingiwa na imani. Akazinyoosha zote moja moja, akazipanga kwa mfuatano, akatia na springi. "Nimekurekebishia, bosi," akasema, na hakudai malipo ya ziada. Katika nakala ile, swali la kwanza linamuuliza mwanafunzi namna ya kumbana mfalme aliye peke yake, na ukurasa unaofuata ni wa mwisho wa kozi, mahali pagumu kabisa.

Vitabu vya zamani vina mitego mingine. Vingi huandika hatua kwa mtindo wa P-K4, ilhali shirikisho la sataranji duniani, FIDE, liliacha kuutambua mtindo huo mwaka 1981, na vijana wa leo wanajua e4 tu. Na wanaopenda vitabu vya hadithi za kuchagua njia kwa kurusha dadu, kama *The Warlock of Firetop Mountain* cha Steve Jackson na Ian Livingstone cha mwaka 1982, wachungulie nyuma kwanza. Kina sehemu 400, ushindi uko kwenye ya 400, na karatasi ya mwisho ndiyo huwa ya kwanza kung'oka.

Hata hivyo turubai lina ladha yake, na mwandishi huyu yuko upande wake, ila siku hizi muuzaji naye ana simu. Juzi bwana wetu alishika kitabu kingine cha sataranji, jalada limeliwa na mende, akataja mia moja na hamsini. Kijana akapiga picha mgongo wa kitabu, akasubiri kidogo, akageuza kioo cha simu: dola ishirini na nane.

"Hiyo ni bei ya kipya. Tena cha Marekani."

"Hata hiki cha Marekani."

"Basi nitakiagiza huko huko."

"Agiza, ami," kijana akasema, akikifuta kitabu vumbi kwa shati. "Lakini waambie wakilete hapa kwangu. Nyumba yako haionekani."