Mheshimiwa, Usiachie Shilingi Mapema

Kama unataka kutusemea sisi wa Shume bungeni kule Dodoma, mheshimiwa, anza kwa kupunguza shukrani. Dakika za kuchangia bajeti ni chache, na kila mwaka kati ya Aprili na Juni tunasikia redioni zinavyoteketea. Anashukuriwa Mwenyezi Mungu, anashukuriwa Rais, kisha Waziri, Naibu Waziri, Katibu Mkuu, watendaji wote wa wizara, chama, familia, na wapiga kura kata kwa kata. Kengele ya kwanza inalia mheshimiwa akiwa bado kwa Katibu Mkuu. Barabara, maji, kituo cha afya na umeme vinabanwa katika sentensi moja, kengele ya pili inalia, mheshimiwa anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, anakaa. Mungu mshukuru alfajiri kabla hujatoka nyumbani. Anasikia hata pasipo kipaza sauti. Viongozi wako wapate sentensi moja ya heshima. Sisi wapiga kura tuache kabisa, hatukukutuma kutusalimia.

Ukishaokoa dakika hizo, zitumie kusimulia safari ya gunia moja la viazi. Usiseme "wananchi wangu wanateseka", maana kila mbunge aliyesimama kabla yako ameshasema hivyo. Mwambie Waziri kwamba Shume iko juu kabisa ya Usambara Magharibi, mahali ambapo sakitu inaweza kuunguza majani ya viazi usiku mmoja. Mwambie mkulima ananunua mbegu, mbolea na dawa ya ukungu kwa bei ya mjini, halafu anauza kwa bei anayoitaja dalali. Gunia linashindiliwa, linaongezewa kichwa cha wavu, linashonwa kwa kamba hadi linafanana na mjamzito wa miezi tisa, na bado linalipwa kama gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya Vipimo inaikataza, mzigo wa mazao haupaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo usiombe sheria mpya. Uliza ni mizani ngapi zimewekwa kwenye vituo vya kununulia mazao Lushoto, wafanyabiashara wangapi wametozwa faini, na kwa nini aliye shambani ndiye anayeambiwa akatae lumbesa ilhali kabichi zake zinaoza akimkosa mnunuzi.

Hapo hapo gusa ushuru. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa hadi asilimia 2, na mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukaondolewa kwenye tozo hiyo. Mama anayepeleka magunia manne ya karoti Tanga anapaswa kulijua hilo kabla hajafika kwenye kizuizi. Likitamkwa na mbunge wake, tena likaingia kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, atakuwa na cha kumwonyesha mkusanya ushuru.

Kuhusu barabara, tafadhali jua ya nani. Tumechoka kuona mheshimiwa akimbana Waziri wa Ujenzi kwa barabara ya TARURA, Waziri akijibu kwa upole kwamba hiyo iko TAMISEMI, ukumbi ukicheka na swali likifia hapo. TANROADS wana zao. TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, una za kwetu za vijijini, zile ambazo masika fuso hulala kifudifudi na shehena ya kabichi. Kabla hujasimama, pita kwa meneja wa wilaya uchukue orodha ya barabara, urefu wake na fedha zilizotengwa mwaka huu. Ukiwa na karatasi hiyo huwezi kupotezwa.

Ukikosa hoja ya kuwaamsha waliosinzia, waambie habari ya waya. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walifungua kiwanda cha kupasua mbao huko huko Shume, wakajenga njia ya waya wa kuning'inia kuteremsha mbao za mtarakwa kutoka mlimani hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga. Mkoloni aliona mti wetu una thamani ya kutosha kuujengea njia angani. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kiazi cha Mtanzania huru kinasubiri matope yakauke. Hili liseme taratibu, tena kwa uchungu, kwa sababu ni la uchungu.

Sasa maswali. Kuna swali moja ambalo nakuomba uliache kabisa: "Je, ni lini Serikali itajenga?" Jibu lake tunalikariri hata watoto, kwamba Serikali itajenga kadiri fedha zitakapopatikana, na kwa sasa inafanya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina. Swali la msingi unalipeleka mapema, na wataalamu wa wizara wanakaa kuliandalia jibu. Litumie basi kuwalazimisha waandike takwimu: ni kilomita ngapi za barabara za Shume zinapitika mwaka mzima, na ngapi hazipitiki? Wakishazitamka, una maswali mawili ya nyongeza ambayo hawakuyaona. La kwanza liwe la fedha: kiasi gani, kifungu kipi. La pili liwe la tarehe. Mbunge anayetumia la nyongeza kumkaribisha Waziri aje kutembelea jimbo amelitupa bure; barua ya mwaliko inatosha.

Kelele pia ziache. Mkoa wetu wa Tanga una mfano mzuri kuliko wowote. Julai 2011, Beatrice Shelukindo, mbunge wa Kilindi, jimbo la vijijini kama letu, alisimama na barua mkononi. Ilikuwa barua ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, David Jairo, akizitaka taasisi zilizo chini ya wizara zichange shilingi milioni 50 kila moja kufanikisha kupitishwa kwa bajeti. Bajeti ile haikupita siku hiyo. Serikali ilirudi kujipanga, na Bunge likaunda kamati teule. Alikuwa mbunge wa chama tawala, na hilo halikumzuia. Alichofanya ni kusoma karatasi.

Na karatasi nyingi ziko kwenye kamati, ndiyo maana mheshimiwa anayeonekana ukumbini tu kila Waziri anapohitimisha hotuba hatusaidii sana. Kwenye kamati hakuna kupigiwa makofi. Kuna Katibu Mkuu, wakurugenzi wake, vitabu vya kasma, na muda wa kumuuliza mtu mmoja jambo moja mpaka ajibu. Mwaka 2012, Spika Anne Makinda alipoivunja Kamati ya Nishati na Madini kwa tuhuma za rushwa, kazi ya kuchunguza ilikabidhiwa kamati ndogo chini ya Hassan Ngwilizi, brigedia jenerali mstaafu na mbunge wetu wa Mlalo wakati huo. Mtu wa milimani aliaminiwa kuwapima wabunge wenzake. Wewe pia soma taarifa ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kuhusu Halmashauri ya Lushoto kabla wakaguliwa hawajaingia chumbani, siyo baada ya chai.

Muswada ukija, hasa wa kilimo, misitu au ardhi, usingoje wadau waje Dodoma. Mkulima wa Gologolo hana nauli ya kwenda kutoa maoni kwa siku moja, na muswada ukiletwa kwa hati ya dharura hana hata muda wa kuusikia. Wewe ndiye nauli yake. Fika, kaa na wanaoishi jirani na Shamba la Miti na Hifadhi ya Magamba, andika wanachosema, kipeleke kwenye kamati kikiwa jedwali la marekebisho, kifungu kwa kifungu. Wanawake wasikilize kwanza. Mwaka 1946 Waingereza walianza mradi wao wa kuhifadhi udongo Mlalo, wakalazimisha matuta kwenye miteremko, na mzigo wa jembe ukawaangukia akina mama ambao hakuna aliyewauliza. Mradi ukazaa chuki, na uhuru ulipofika ulikuwa umeshavunjika. Udongo ulistahili kuhifadhiwa. Aliyekosekana ni mtu wa kusikiliza.

Tumefika kwenye shilingi. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi na mshahara wa Waziri ukafikiwa, una haki ya kusema kwamba usipopata maelezo ya kuridhisha utashika shilingi. Maneno matamu hayo! Tatizo ni jinsi yanavyoisha. Waziri anasimama, anamwita mheshimiwa rafiki yake, anamsifu kwa kuwapigania wananchi, anasema "tumelichukua", na shilingi imeshaachiwa kabla hajakaa. Mheshimiwa, ishike. Iachie kwa vitu viwili tu, kiasi na tarehe, vikitamkwa kwenye kipaza sauti. Visipotamkwa, toa hoja, waombe wenzako wasimame kukuunga mkono, ijadiliwe, ipigiwe kura. Utashindwa pengine. Utaitwa pembeni na wenzako wa chama, uambiwe unaiaibisha Serikali. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wako wa kusema humo ndani. Hasira za chama haikukingi nazo, na hizo itabidi uzibebe mwenyewe. Kwa kazi hiyo ndiyo tulikuchagua.

Bunge likiahirishwa, chapisha kurasa zako za Taarifa Rasmi uje nazo. Itisha mkutano Shume, Manolo, Rangwi, hata kule bondeni Mnazi na Lunguza, ambako shida ni maji na wanyama wa Hifadhi ya Mkomazi. Usije siku ya gulio, watu watakuwa na mizigo. Soma ulichouliza, soma ulichojibiwa, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Wakikuuliza fedha iko kifungu gani, wasomee kifungu. Kama hakipo, sema hakipo, kisha liandike swali la mkutano ujao pale pale mbele yao, wakusahihishe, mwenyekiti wa kijiji abaki na nakala.